Wote Walisema Ndiyo

Dodoso letu la kwanza lilikuwa la ukurasa mmoja. Maswali manane, visanduku vya kutia alama, na juu kabisa, kwa herufi nene, swali lililotutoa majumbani kwetu: Je, unaunga mkono juhudi za kuwakinga vijana dhidi ya pombe na dawa za kulevya? Tulikuwa watu wachache wa kujitolea, tumegawana mitaa, kila mmoja na faili lake na kalamu mbili. Wiki tatu tulibisha hodi milangoni. Wiki ya nne tukakaa mezani kuhesabu, na kila karatasi niliyoifunua ilikuwa na alama mahali palepale. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.

Furaha yetu haikuwa na kifani. Tukaandika ripoti, tukaipeleka kwa viongozi, tukaitisha mkutano wa wazazi ili waafikiane mambo matatu tu: mtoto asipewe pombe nyumbani kwa mtu yeyote, mzazi akimwona mtoto wa mwenzake amelewa amwambie mwenzake, na kila familia iweke saa ya watoto kuwa wamerudi usiku. Tukaomba ukumbi mkubwa, maana kwa ndiyo zote zile tuliona mdogo usingetosha. Walikuja watu kumi na mmoja. Watano kati yao tulikuwa sisi wenyewe.

Nimeufikiria ukumbi ule kwa miaka. Naandika haya kwa yeyote anayejiandaa kuifanya kazi ile, kwa sababu tulichokosea kilikuwa kipimo, na kipimo kibovu hakijionyeshi mpaka uwe umekwisha jenga juu yake.

Hebu litazame swali lenyewe. Jaribu kulijibu hapana. Nani atasimama mlangoni kwake, mbele ya mgeni mwenye faili, aseme hapana, mimi siungi mkono watoto kukingwa? Swali lile lilipima adabu za watu, na adabu walikuwa nazo. Wanaotunga madodoso wanaujua mtego huu tangu zamani: mtu huelekea kutoa jibu litakalompa sura njema mbele ya anayemuuliza. Upo na mtego wa pili, ndugu yake wa damu. Mpe mtu sentensi umuulize kama anakubali, na wengi watakubali. Kurasa mbili mbele wape sentensi iliyo kinyume chake, na baadhi ya walewale watakubali tena. Dodoso letu lilikuwa na mitego yote miwili, na sisi tuliitega kwa mikono yetu tukiamini tunauliza maswali ya maana.

Mwaka 1934 mwanasosholojia wa Marekani, Richard LaPiere, alichapisha jambo ambalo ningependa kila mdodosaji alijue kabla hajashika kalamu. Alikuwa amesafiri huku na huko nchini mwake pamoja na mume na mke Wachina, katika kipindi ambacho chuki dhidi ya Wachina haikuwa ikifichwa. Walifika kwenye nyumba za wageni na migahawa zaidi ya 250, na wakakataliwa mara moja tu. Baadaye akaziandikia barua sehemu zilezile, akiuliza kama wangepokea wageni wa Kichina. Zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hawangewapokea. Kwake yeye, karatasi ilikuwa katili kuliko mkono. Kwetu sisi karatasi ilikuwa na moyo mwema kuliko miguu, maana miguu ndiyo iliyotakiwa kuja ukumbini. Kwa vyovyote, asemacho mtu kwa mgeni na atakachofanya siku ya siku ni vitu viwili, na kila kimoja kina njia yake ya kupimwa.

Mama mmoja alikuwa ameniambia yote haya kabla, nami nikampita. Alijibu maswali yetu manane akiwa amesimama kizingitini, mkono mmoja umeshika mlango. Nyuma yake mwanawe wa miaka kama kumi na mitano alikuwa amejiegemeza ukutani, akisikiliza bila hata kujisingizia kwamba hasikilizi. Ndiyo mara nane. Nikamshukuru, nikafunga faili, nikachomeka kalamu mfukoni. Hapo ndipo aliposhusha sauti.

“Mwanangu, mimi nakubaliana na yote hayo. Ila hapa mtaani nitakuwa peke yangu. Nikimwambia mwenzangu kwamba mwanao nimemwona na chupa, kesho mbaya ni mimi. Watasema najifanya mlezi wa watoto wa dunia nzima.”

Nikatikisa kichwa kwa kumwonea huruma, nikaenda mlango wa pili. Sikuandika neno. Faili lilikuwa limekwisha fungwa.

Baada ya ule mkutano wa watu kumi na mmoja, wiki moja hivi, tulikutana sisi kwa sisi kulia kilio chetu. Nikasimulia habari za yule mama. Mwenzangu wa kushoto akainua uso: naye alisikia hivyohivyo kwa baba mmoja. Wa pembeni yake naye. Tulipozunguka meza nzima ikawa kila mmoja wetu alikuwa ameyasikia maneno hayo, yamesemwa hivi au vile, katika nyumba zaidi ya moja, na karibu kila mara yalisemwa baada ya kufunga faili. Tulikuwa tumezunguka mtaa mzima tukikusanya jibu tusilolihitaji, na lile tulilolihitaji tukaliacha mlangoni.

Jibu lenyewe ni hili: watu walikuwa wanataka, na kila mmoja aliamini ni yeye peke yake anayetaka.

Hali hiyo imechunguzwa sana. Mwaka 1993 Deborah Prentice na Dale Miller wa Chuo Kikuu cha Princeton walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi na unywaji. Walimuuliza kila mwanafunzi ana raha kiasi gani na mazoea ya ulevi chuoni pale, kisha wakamuuliza anadhani mwanafunzi wa kawaida ana raha nayo kiasi gani. Kwa jumla kila mmoja alidhani wenzake wanaufurahia ulevi kuliko yeye. Lakini huyo mwanafunzi wa kawaida ni nani kama si wao wenyewe wakijumlishwa? Wengi walikuwa na mashaka, na kila mmoja aliyaficha ya kwake kwa kuwaogopa wengine ambao nao walikuwa wanayaficha. Kuna jambo jingine mle ndani linalonihuzunisha zaidi. Muhula ulivyosonga, wavulana walianza kuisogeza misimamo yao kuelekea kule walikodhani wenzao wako. Walikuwa wanajifunza kufanana na umati ambao haukuwepo.

Ukilielewa hilo, unaona ni kwa nini kuuliza “unaunga mkono?” hakutoshi hata kama mtu atakujibu kweli tupu. Yule mama hakudanganya. Ndiyo yake ilikuwa ndiyo. Kilichoizuia kutoka mlangoni ni picha aliyokuwa nayo kichwani kuhusu majirani zake, na hiyo picha hakuna aliyemuuliza.

Wapo waliouliza vizuri. Mwanasosholojia Robert Sampson na wenzake, katika uchunguzi wao wa vitongoji vya Chicago, Marekani, mwaka 1995, waliwahoji wakazi 8,782 katika vitongoji 343. Hawakuwauliza kama wanapenda watoto walelewe vyema. Waliwauliza kuhusu majirani, tena kwa mambo yenye sura na mahali: watoto wakitoroka shule na kuzurura kwenye kona ya barabara, kuna uwezekano gani majirani zako wataingilia? Wakichora kuta? Wakimvunjia mtu mzima heshima? Wakipigana mbele ya nyumba yako? Matokeo yalichapishwa mwaka 1997, na vitongoji ambavyo watu walitarajia majirani kuingilia, tena wakiaminiana, vilikuwa na uhalifu mchache wa kutumia nguvu, hata baada ya kuzingatia tofauti za umaskini. Swali kama hilo humpunguzia mtu kazi ya kujipamba. Huulizwi wewe ni mwema kiasi gani. Unaulizwa pale kwenu ikitokea hivi, nini hufuata, na watu wengi hilo wanalijua kama wanavyoijua njia ya kwenda nyumbani.

Basi tukalichana dodoso letu, tukaandika jingine. Kila swali la maana tulilipasua mara mbili. Ukimwona kijana wa jirani akinywa pombe, utamwambia mzazi wake? Halafu, papo hapo: unadhani majirani zako wengi wangefanya hivyo? Wewe mwenyewe ungependa kuambiwa kuhusu mwanao? Unadhani wenzako wangependa kuambiwa? Swali la kuambiwa lilipendekezwa na mwenzetu mwalimu mstaafu, na mimi hadi leo naliona ndilo bora kuliko yote tuliyowahi kutunga, kwa sababu hofu yote ya yule mama imo ndani yake. Mtu huogopa kusema akidhani mwenzake hataki kusikia. Hivyo uliza nani anataka kusikia.

Faili nalo tukalibadilishia kazi. Tulikubaliana kwamba baada ya swali la mwisho kila mmoja wetu ataliacha wazi, anyamaze, ahesabu kimoyomoyo hadi kumi. Ni muda mrefu sana kusimama mlangoni pa mtu bila kusema kitu. Lakini mengi ya maana yaliingia katika zile sekunde kumi.

Dodoso la milangoni, hata likiwa zuri namna gani, halikuambii kila kitu, na hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo nilipojifunza kwa aibu. Kuna kipimo cha utayari wa jamii kilichoanzia Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado huko Marekani, katika miaka ya 1990, kilichojengwa na Eugene Oetting na wenzake. Kinaigawa safari ya jamii katika hatua tisa. Ya kwanza hakuna anayeliona tatizo. Ya tisa jamii yenyewe inalimiliki na kuliendesha. Hukipimi kwa visanduku. Unawahoji watu wachache wanaoijua jamii, wanne hadi sita hivi, kila mmoja kwa muda wa kutosha, kuhusu juhudi zilizopo, watu wanazijua kiasi gani, viongozi wako wapi, mazingira ya mawazo yakoje, na rasilimali gani zipo. Mazungumzo yanaandikwa neno kwa neno. Kisha watu wawili wanayasoma kila mmoja kivyake na kuyapa alama kulingana na zile hatua, na baada ya hapo tu ndipo wanakaa pamoja kulinganisha.

Mmoja wa tuliowahoji alikuwa kiongozi mwenye ulimi mtamu. Alizungumza saa nzima. Nilimpa alama tano. Mwenzangu, aliyesoma maandishi bila kuwahi kumwona, alimpa mbili. Nikashangaa, nikidhani amekosea mstari. Akaigeuza karatasi kuniwekea kidole mahali pamoja: “Vijana wetu hawana shida hiyo. Ni hawa wanaotoka kwingine.” Nikaruka juu kutetea; lakini mbona alisema anaunga mkono, mbona aliahidi kutupa nafasi ya kuzungumza? Mwenzangu akanisomea tena, polepole, kutoka mwanzo. Katika saa nzima hakukuwa na sentensi hata moja yenye kitu alichowahi kufanya, au anachokifanya, au tarehe ambayo angekifanya. Hatua ya pili katika kile kipimo ni kukana: tatizo lipo, lakini si letu, au ni letu na hakuna la kufanya. Mimi nilikuwa nimempa alama za sauti yake.

Ndiyo sababu ya kuwa na wasomaji wawili, na ndiyo sababu ya kuandika neno kwa neno. Pia ndipo nilipofahamu kwa nini ukumbi ulibaki mtupu. Jamii iliyo kwenye hatua ya kukana huiendei na makubaliano ya kutia sahihi. Unaanza na mazungumzo ya watu wachache wachache, na habari za hapo hapo kwao, mpaka lile “wanaotoka kwingine” lianze kupoa. Sisi tuliruka hatua tatu, kwa sababu tiki zilituambia tumekwisha fika.

Kuna swali jingine nimelipenda tangu nilipokutana nalo, nalo limetokana na mpango wa jamii wa kuwakinga vijana uitwao Communities That Care, ulioasisiwa na David Hawkins na Richard Catalano wa Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle. Wachunguzi wake waliwauliza viongozi wa jamii: kama kuna fedha za kupunguza matumizi ya pombe na dawa za kulevya, ungependa sehemu gani iende kwenye kinga, sehemu gani kwenye matibabu, na sehemu gani kwenye polisi na sheria? Jumla lazima iwe mia. Ona linavyofanya kazi. Kusema “naunga mkono kinga” ni bure kabisa. Kuipa kinga asilimia 30 maana yake umeitoa asilimia 30 mahali pengine, na ulipoitoa kuna mtu atakayenung’unika. Swali linamlazimisha kiongozi kulipa japo kwa karatasi. Mpango huo ulijaribiwa kwa kura ya bahati katika miji midogo 24 ya majimbo saba ya Marekani kuanzia mwaka 2003, nusu wakaupata na nusu hawakuupata; kufikia darasa la nane, vijana wa miji iliyoupata walikuwa na uwezekano mdogo wa kuanza kunywa au kuvuta sigara kwa takriban theluthi moja. Kabla ya kuchagua la kufanya, mpango huo hupima: vijana wenyewe, na viongozi wao.

Kwa wauzaji wa pombe usiulize chochote. Hapo naongea kwa ukali kidogo, lakini nimeona fomu nyingi ambazo muuzaji ameapa hajawahi kumuuzia mtoto. Katika miaka ya 1990 Alexander Wagenaar na wenzake, wakifanya kazi katika jamii 15 za majimbo ya Minnesota na Wisconsin huko Marekani, walituma wanunuzi wenye umri halali lakini wenye sura za utoto, bila kitambulisho, waende wakanunue. Aliyeuza aliandikwa ameuza, asiyeuza aliandikwa hakuuza. Huo ndio uungaji mkono wa jamii unapokuwa umevaa viatu. Unarudi baada ya mwaka, unatuma tena, unalinganisha.

Mtu akizungumzia kupima na kukinga vijana, Aislandi haikosi kutajwa, na inastahili. Mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wao wa miaka 15 na 16 walisema walilewa katika siku 30 zilizopita. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Wengi husimulia habari za michezo, vilabu vya vijana, na sheria ya saa za watoto kuwa nyumbani. Yote ni kweli, na pia ni kweli kwamba ulevi wa vijana ulipungua katika nchi nyingine za Ulaya miaka hiyohiyo, kwa hiyo si haki kuupa mpango mmoja sifa yote. Kinachonivutia mimi ni kasi ya karatasi zao. Vijana wakijaza dodoso shuleni, matokeo hurudi shuleni hapo na kwa jamii hiyo hiyo ndani ya miezi michache, yakiwa ni ya kwao wenyewe, watoto walewale wakiwa bado madarasani. Mzazi haambiwi habari za taifa. Anaambiwa habari za shule ya mwanawe: wangapi wanasema wazazi wanajua walipo usiku, wangapi wanapata muda na wazazi wao. Takwimu ikichelewa miaka mitatu inageuka historia, na historia haimtoi mtu kwenye kiti chake. Sisi tulipokusanya dodoso la pili tulijiwekea wiki sita, tukakesha.

Namna ya kuyarudisha matokeo nayo ina hatari yake. Kishawishi ni kuchukua namba ya kutisha zaidi na kuipigia tarumbeta ili watu waamke. Nilishaona bango la hivyo. Ukisimama mbele ya wazazi na vijana ukatangaza kwamba pombe imewamaliza watoto wote, mzazi anakwenda nyumbani akiwa amekata tamaa, na kijana anakwenda akiwa amejifunza kwamba asipokunywa yeye ndiye wa ajabu. Umati usiokuwepo umekwisha uumba mwenyewe kwa kipaza sauti. Kama vijana walio wengi hawakunywa mwezi uliopita, na katika sehemu nyingi za dunia kwa umri wa miaka kumi na mitano ndivyo ilivyo, basi sema hivyo, kisha sema kwa uwazi habari za waliokunywa.

Tulipomaliza kuhesabu dodoso la pili, hatukuomba ukumbi mkubwa. Tulialika wazazi wachache wachache, makundi saba, jioni tofauti. Ukutani tulibandika karatasi mbili kubwa. Ya kushoto ilikuwa na vichwa vya habari vilivyoanza na “Mimi.” Ya kulia vilianza na “Majirani zangu.” Chini ya kila swali tulichora nguzo kwa kalamu ya wino mzito. Nguzo za kushoto zilikuwa ndefu, karibu zinagusa juu ya karatasi. Za kulia zilikuwa fupi. Kwenye swali la kuambiwa kuhusu mwanao, nguzo ya “Mimi” ilikuwa mara mbili ya nguzo ya “Majirani zangu,” na zaidi.

Jioni ya kwanza hatukueleza kitu. Tuliwaacha watazame. Baba mmoja aliyekuwa amekaa nyuma aliinuka, akaja hadi ukutani, akaweka kiganja juu ya nguzo fupi kama anayeipima urefu, kisha akakihamisha kwenye ile ndefu.

“Hawa ni watu walewale?”

Nikamwambia ni walewale. Mtaa huuhuu, karatasi zilezile.

“Hesabuni tena.”

Karatasi tulikuwa nazo, hazina majina. Tukamkabidhi. Akakaa chini na mama mmoja pembeni yake, yeye anasoma, mama anachora vijiti kwenye daftari, vitano vitano, na sisi wengine tunasubiri. Ilichukua nusu saa. Vijiti vilipokwisha kujumlishwa, yule mama akamgeukia mwanamke aliyekaa upande wa pili wa chumba, mtu ambaye nyumba zao zinatazamana, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: “Kwa hiyo wewe nikikuambia hutakasirika?” Yule akajibu, “Mimi siku zote nilidhani wewe ndiye utakayekasirika.”

Kati ya makundi saba, matano yaliandika makubaliano yao wenyewe. Mawili hayakufika huko, na moja kati ya hayo mawili lilivunjika kwa ugomvi wa zamani ambao haukuhusiana na watoto. Mwaka uliofuata tulirudia dodoso, na nguzo za kulia zilikuwa zimepanda. Sisemi vijana waliacha kunywa kwa sababu ya karatasi mbili ukutani. Nilichokiona ni kwamba jamii ilianza kujijua, na kabla ya hapo hata kumwalika mtu kwenye mkutano kulikuwa ni kumwomba ajitolee mhanga peke yake.

Kitu kimoja hatukukipima, na aliyetuonyesha ni yule kijana wa ukutani, mwana wa yule mama wa kwanza. Nilimkuta nyumbani kwao nilipopeleka nakala ya makubaliano. Alikuwa amerefuka. Aliisoma karatasi yote, upande wa kwanza na wa pili.

“Dada, hapa mmewauliza wazee kama wataambiana.”

“Ndiyo.”

“Mngetuuliza sisi kama wanaambiana. Sisi ndio tunaojua nani akituona anasema na nani anageuza uso.”

Nilikuwa najua, kwa kusoma, kwamba madodoso ya vijana huko kwingine huuliza jambo linalokaribia hilo: kama mzazi wako angeona ni vibaya sana ukinywa, kama rafiki zako wangeona ni vibaya. Nilijua pia kwamba vijana wakihakikishiwa siri hujibu vizuri kuliko wazee wanavyodhani. Utafiti wa shule za Ulaya ulioanza mwaka 1995 umewahi kuchomeka katikati ya orodha jina la dawa ya kulevya isiyokuwepo kabisa, waone wangapi watadai wamewahi kuitumia, na wanaodai hivyo huwa ni wachache mno. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani, na bado miaka miwili tulizunguka tukiwauliza watu wazima habari za watu wazima.

Nikamwambia tunatunga dodoso la tatu. La kujazwa shuleni, bila jina, wazazi wakiwa wametoa ruhusa, kila mmoja anaitia karatasi yake mwenyewe ndani ya bahasha na kuifunga kabla mwalimu hajaigusa. Nikamuuliza yeye angeandika swali gani la kwanza.

Akaomba kalamu. Akaigeuza ile nakala ya makubaliano, akaandika nyuma yake, akiegemea mlango uleule ambao mama yake aliushika siku ile: Mara ya mwisho mtu mzima asiye mzazi wako alipokuona na pombe, alifanya nini? Chini yake akaacha mistari mitatu mitupu. Nikamuuliza kwa nini hakuweka visanduku.

“Mkiweka visanduku,” alisema, “tutaweka alama kwenye kile mnachokitaka.”